Rangi ya vifaru vidogo: tuichague namna gani?



Kifaru cha plastiki cha kipimo 1/35 ni kidogo mara 35 kuliko kile cha kweli. Boliti ya milimeta 35 inabaki milimeta 1 tu. Basi rangi nzito inazifunika boliti zote, na kazi imeharibika.

Kwanza tuulize: rangi hii inachanganywa na nini? Akriliki ya Vallejo, ya Hispania, inachanganywa na maji. Ile ya Tamiya, ya Japani, ina alkoli ndani. Inapenda zaidi dawa yake yenyewe ao alkoli ya isopropili.

Pili, tuoshe plastiki kwa maji na sabuni, tuache ikauke, kisha tupake rangi ya chini ya kushikisha. Juu yake tupake nyembamba mara 2 ao 3, tukingoja kila moja ikauke. Brosi ioshwe palepale, maana akriliki ikisha kukauka, maji haiiondoe tena.

Tatu, rangi ni tarehe. Katika vita ya Ulaya, vifaru vya Ujerumani vilikuwa na rangi ya msingi ya kijivu cha giza. Mwezi wa pili 1943 amri ilitoka: rangi ya msingi ikawa manjano. Tiger II iliingia vitani mwaka 1944. Anayeipaka kijivu anasema uongo pasipo kufungua kinywa!

Kwa hiyo, wandugu, tutafute mwaka wa kifaru kwanza, halafu tufungue chupa.