Maji Yana Saa Zake

Sikukuu ifikapo na watoto wakaomba kwenda pwani, ndugu mfanyakazi, uliza kwanza saa za maji. Mashariki ya Unguja, kama vile Paje na Jambiani, maji yakipwa mchanga hubaki wazi hata karibu na mwamba, na mtu hudhani yu nchi kavu. Baada ya muda wa saa 6 hivi bahari imejaa tena. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa yaweza kukaribia mita 4. Maji yarudipo hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma ya mtembezi. Akigeuka, njia imekwisha fungwa. Basi yaanzapo kujaa, rudi.

Penye mlango wa mwamba usiogelee, kwani mkondo wake ni mkali. Ukikuchukua, usishindane nao. Ogelea kufuata urefu wa pwani mpaka uutoke. Mtoto asipite maji ya magoti, na mkubwa awe karibu kiasi cha kumshika mkono.

Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kuogelea si anasa ya wageni. Kila mtoto wa kisiwani, wa kiume na wa kike, afundishwe.