Sheria Ifike Nakivale

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao ndio nguzo ya hifadhi ya wakimbizi ulimwenguni, ulitaja sababu tano za mtu kustahili himaya, yaani asili, dini, uraia, kundi la jamii na rai ya siasa, lakini juu ya mwanamke anayedhulumiwa kwa uanamke wake haukusema neno, hata wanazuoni wa sheria wakalazimika kujenga hoja ndefu ili kumwingiza katika lile kundi la jamii. Uganda iliukata mjadala huo waziwazi: Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtambua pia aliyekimbia kwao kwa kuogopa kuteswa kwa sababu amekataa kufuata desturi zinazobagua kijinsia, na mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Ukatili wa Majumbani, isiyokomea kwenye kipigo bali inayohesabu pia matusi na kunyimwa riziki.

Hizo ni fahari za vitabuni. Huko Nakivale, makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kusini ya Mbarara, ambako Wanyarwanda walipokewa tangu mwisho wa miaka ya 1950 na baadaye Wakongo, Warundi na Wasomali, mwanamke aliyebakwa hana budi kupata fomu ya polisi, kumwona tabibu, kutafuta nauli ya kwenda mahakamani yeye na mashahidi wake, kisha kusimama mbele ya hakimu anayeendesha kesi kwa Kiingereza ilhali yeye ajuacho ni Kiswahili cha Kongo. Basi si ajabu wazee wakimwambia yamalizwe nyumbani, naye akakubali. Ndiyo maana ile mahakama tembezi iliyoanza kumpeleka hakimu makazini humo mwaka 2013 naiona ina thamani kuliko maazimio mengi.

Liko jambo jingine, zito kulisema. Mradi wa Sheria za Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioasisiwa mwaka 1999, umethibitisha kuwa wanaume wengi nao walinajisiwa katika vita vya Kongo, na kanuni ya jinai ya Uganda, inayotambua kubakwa kwa mwanamke na msichana tu, haina jina la dhuluma hiyo.

Bunge na lirekebishe kanuni hiyo, na mahakama tembezi ipewe fungu lake la kudumu katika bajeti ya serikali, pamoja na wakalimani, isitegemee hisani ya wafadhili.