Mgongo na Shingo: Tiba Ipi Kabla ya Kisu?

Wasukaji wa vyondo na mafundi wa viatu vya ngozi katika soko la Kariokor hufanya kazi wakiwa wameketi chini, wameinama kutwa nzima. Jioni wengi hushika kiuno. Kuna anayekimbilia kemisti, anayetafuta wa kumchua, anayenunua mshipi wa kiuno, na anayelala tu akingoja maumivu yaishe.

Wengi wao hawahitaji upasuaji. Lakini njia hizo hazilingani. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli na kuchelewesha nafuu. Ni heri kuendelea na shughuli nyepesi.

Mnamo Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno yanayozidi miezi mitatu. Lilipendekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa na tiba za mikono kama vile kuchuliwa. Halikupendekeza mishipi ya kiuno wala kuvutwa uti wa mgongo kwa mashine.

Ugumu wa mazoezi ni kwamba hayaleti nafuu siku ya kwanza. Mtu hufanya siku tatu, akaacha, akasema hayasaidii. Yanahitaji wiki kadhaa, na ni vyema yaelekezwe na mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa na baraza la taaluma hiyo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kuchuliwa hutuliza, ila kwa muda mfupi.

Tembe kama diclofenac husaidia kwa siku chache. Zikimezwa kila siku bila ushauri, huweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Mwenye presha aulize daktari kwanza.

Shingo nayo ina hatari yake. Baadhi ya vinyozi humalizia kazi kwa kuizungusha ghafla mpaka ilie. Ni nadra, lakini mshipa wa damu unaweza kuchanika na kuleta kiharusi. Mteja ana haki ya kukataa.

Maumivu yanayoandamana na homa, kukonda au kutokwa na jasho usiku yapimwe, kwani kifua kikuu pia hushambulia uti wa mgongo. Miguu ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukishindwa kuzuilika au kutoka, mgonjwa apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo. Hapo huenda upasuaji ukahitajika haraka.