Fahamu: Karakana ya Kidijitali ni Kitu Gani?

Ni mahali ambapo fundi, akiisha kuchora umbo kwenye kompyuta, huiachia mashine kulitimiza: printa ya 3D ikirundika plastiki iliyoyeyuka tabaka juu ya tabaka, au leza ikikata mbao na kuacha ukingo mweusi wenye harufu ya moshi.

Asili yake

Neil Gershenfeld wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alianza kuifundisha sanaa hii mwaka 1998. Leo Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina karakana yake.

Faida yake

Kipuri kimoja tu, ambacho hakuna kiwanda kitakachokubali kukitengenezea kalibu, huweza kupatikana kwa gharama ya wastani.

Je, mkono umestaafu?

Hasha! Kitokacho mashineni aghalabu hudai tupa na msasa, na asiyeijua tabia ya mbao yake ataiharibu vilevile, ila kwa haraka zaidi.