Gari Linapovuta Upande Mmoja Wakati wa Kufunga Breki

Dereva anayeteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo kupitia Soni hufunga breki katika kona nyingi kali. Gari likivuta kulia, laweza kuingia upande wa magari yanayopanda. Likivuta kushoto, laweza kuacha barabara.

Kwanza, pima upepo wa matairi ya mbele. Kisha endesha polepole mahali tambarare pasipo na magari. Likivuta hata kabla ya kufunga breki, chunguza matairi na mpangilio wa magurudumu. Likivuta wakati wa breki tu, kwa kawaida kasoro imo katika breki.

Gari huvuta kuelekea gurudumu linaloshikwa zaidi. Hivyo likivuta kushoto, huenda breki ya kulia ndiyo dhaifu. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na ringi bila kuigusa. Joto lililozidi la upande mmoja huashiria pistoni iliyokwama. Gurudumu lililo baridi kuliko mwenzake halishiki ipasavyo, pengine kwa pedi zilizolowa mafuta au mpira wa breki ulioziba.

Tunamshauri mlaji adai pedi zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, aoneshwe kipuri kilichotolewa, na apewe risiti. Kabla ya hapo, gari lisiteremshwe mlimani.