Fundi au Sisi Wenyewe?
Mimi na mume wangu tuna pikipiki moja ya CC 125, na ndiyo inatupeleka wote kazini. Oili tunabadili wenyewe Jumamosi, injini ikiwa na joto kidogo ili ile chafu ishuke yote. Cheni naisukuma juu kwa kidole upande wa chini. Ikicheza sentimita 2 hadi 3 iko poa. Hela ya ufundi inabaki nyumbani (mawifi wacheke tu kucha zangu!).

Lakini breki na kuseti tapeti? Jamani, hapo namwachia fundi, ila nasimama palepale nione spea anayofunga. Mume wangu anasema namnyanyasa fundi wa watu. Sawa, lakini anayepakiwa ni mimi.