SHM-CD ama Sidi ya Kawaida? Cheki Masta Kwanza

Mwaka wa 2008 Universal Music Japan walitoa kapakiti kana sidi mbili ndani. Ngoma ni zile zile, masta (ile rekodi ya mwisho yenye sidi huchapwa nayo) ni moja, tofauti ni plastiki peke yake. Moja ni sidi ya kawaida. Hiyo ingine ni SHM-CD, kitu mpya walikuwa wameunda na JVC, imetengenezwa na polikaboneti safi ya kutumika kwa vioo vya TV za LCD. Yaani wanakushow: skiza hii, skiza ile, ujiamulie. Manze hiyo naiheshimu mbaya, juu ni kampuni chache hukuuzia kitu na kipimo chake kwa pakiti moja.

Wasee wenye huagiza sidi za Japani, zile hukuja na ukanda wa karatasi wa obi kando, wanaapa SHM-CD inalia wazi. Beesi imekaa, sauti ya msanii imetoka mbele. Hawadanganyi, kuna kitu wameskia. Ile kitu nataka tubonge ni kama wameskia plastiki ama wameskia masta.

Sidi ya Sony na Philips iliingia sokoni 1982. Kila sekunde sauti inapimwa mara 44,100, kila kipimo ni biti 16, kushoto na kulia. Hizo namba zinachapwa kama vishimo vidogo, leza inazisoma, mashine inazirudisha kuwa sauti. Mainjinia walijua tutazikwaruza na kuzishika na vidole vya mafuta ya chips, so wakaweka hesabu ya kurekebisha makosa ndani. Hata pengo la karibu milimita 2.5 linazibwa na huskii kitu. Halafu namba zinapanga laini kwa memori, zinatolewa kwa mwendo wa saa ya kwatzi. So kama namba zimesomeka zote, plastiki ya bei na plastiki ya kawaida zinakupea ngoma moja. Huamini? Nyonya sidi zote mbili ziingie kompyuta, linganisha mafaili. Kama namba hazijatofautiana, hiyo tofauti unaskia haiko kwa sidi.

Sony nao walikuja na sidi yao ya Blu-spec, JVC walikuwa na XRCD tangu miaka ya tisini, na Mobile Fidelity wa Marekani walikuwa wameanza kutoa sidi za dhahabu 1987. Dhahabu haishiki kutu, hiyo ni pointi ya ukweli kwa mtu anataka sidi ikae miaka. Lakini zenye zilifanya Mobile Fidelity wapendwe ni tepu. Walikuwa wanasaka tepu ya kwanza kabisa ya albamu, wanaicheza kwa mashine imetunzwa, wanatengeneza masta yao wenyewe. Hapo ndio utamu ulitoka.

Masta mbaya nayo inaweza kuua albamu noma. Metallica walitoa Death Magnetic 2008, sidi ikawa imefinywa sauti ikae juu kila saa, ngoma inapasuka, mafans wakalia. Kumbe ngoma hizo hizo ziko kwa gemu ya Guitar Hero, na huko zilikuwa zinapumua: mdundo unapanda, unashuka, dramu za Lars, mpiga dramu wao, zinagonga. Bendi ni moja, studio ni moja, lakini ya gemu ikashinda ya sidi. Chukua hiyo masta ya sidi uichape kwa dhahabu, kwa SHM, kwa kitu yoyote, bado itapasuka.

Hata ukipanda juu ya sidi, story ni hiyo. 2007, Meyer na Moran walichapisha utafiti kwa jarida la Audio Engineering Society. Waliwapigia watu SACD na zingine za daraja la juu, halafu wakapitisha sauti hiyo hiyo kwa mlango wa sidi, biti 16. Wasikilizaji hawakuweza kutofautisha. Na bado hao hao waandishi wakasema SACD nyingi zinalia poa kuliko sidi za dukani, juu zilipikwa na watu wanajali.

Santuri? Mimi nazipenda. Nenda Kenyatta Market, Nairobi, kwa duka la Jimmy Rugami, Real Vinyl Guru, utatoka hapo jioni. Lakini santuri hupoteza makali ya juu sindano ikikaribia katikati, na sauti ndogo inamezwa na mchakacho. Ikikushinda kuacha, mara nyingi ni juu masta yake haikufinywa.

Kwa simu, ngoma ya MP3 ya 320 kbps ni safi ya kutosha ukiwa ndani ya nganya Ngong Road, na bluutuuthi huibana tena kabla ifike sikio. Lakini ukiwa kwa keja, usiku, hedifoni za waya, hapo sidi ya kawaida ina nafasi ya kukuonyesha mambo. Ukipima, sawazisha volyumu kwanza, juu yenye iko juu kidogo hudanganya sikio, na uambie mmoja wa mbogi abadilishe bila kukushow.

Kwetu Kenya hii maneno ya masta iko na uchungu. Lebo ya Soundway walitoa mkusanyiko wa Kenya Special 2013, ngoma 32 za miaka ya sabini na themanini, sidi mbili ama santuri tatu. Nyingi za ngoma hizo zilitoka kwanza kwa vile visanturi vya 45, vimechezwa kwa baa mpaka vikachoka. Ngoma ikishabaki kwa kisanturi kimekwaruzwa peke yake, injinia anafanya na ile amepata, na hakuna plastiki ya Japani itarudisha ile gitaa imeshalika. So kama babu ama uncle yako alikuwa anapigia bendi, na kuna tepu kwa sanduku chini ya kitanda, usiiwache hapo kwa joto na vumbi. Itoe leo, usiichezee kwa redio ya zamani yenye inakula tepu, tafuta msee wa studio ako na mashine nzuri ya rili, na mwambie aihifadhi bila kuifinya.